Nani Alimpa Nguo?



Vijana wenzangu, leo tufungue Luka 8:26–39. Habari hii wengi tunaikumbuka kwa sababu ya nguruwe. Lakini Luka anaanza na mtu: siku nyingi hakuvaa nguo, wala hakuwa na nyumba, alikaa makaburini. Yaani, hana makazi.

Huku kwetu, kuanzia Shinyanga na Kahama mpaka Geita, watu hawa tunawajua. Rashi ikitoka, vijana wanahama na sururu na begi moja. Duara lisipotema, nauli ya kurudi hakuna, na aibu ya kurudi mikono mitupu ni kubwa kuliko nauli. Anaanza kulala pembeni ya karasha au kwenye baraza za maduka. Tusiseme haraka kwamba ni uvivu. Wazee wa Kahama wanakumbuka Agosti 1996, wachimbaji wadogo walipoondolewa Bulyanhulu. Mtu anaweza kupoteza makazi bila kupoteza akili.

Nikiwa kwenye mwaka wa kichungaji, katika parokia moja ya machimboni, kijana mmoja alikuwa anasali Misa nje, karibu na mlango. Aliniambia, "Frateli, ndani nitawanukia watu." Alikuwa amelala karashani karibu mwaka mzima. Mama mmoja, mwenyekiti wa Jumuiya, hakumhoji. Alimwambia tu, "Mwanangu, Alhamisi jioni tunasali kwangu. Njoo."

Akaja. Wiki tatu alikaa kimya. Ya nne wakampa somo asome. Baadaye akapata chumba, lakini mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi mitatu na mtu wa kumdhamini. Jumuiya ikachanga, mama akasimama kama mdhamini. Mambo hayakunyooka siku hiyo hiyo. Aliwahi kupotea wiki mbili, akarudi kulala nje. Walimfuata. Hawakumsomea risala, walimwambia chumba chake bado kipo.

Siku moja nilimuuliza imani yake ilirudi lini. Nilidhani atataja siku ya kitubio. Akasema, "Nilipougua malaria, wakaja watu watatu na uji. Nikasema, kumbe Mungu ananijua ninapokaa."

Sasa turudi kwenye Injili. Watu wa mji walipofika walimkuta yule mtu ameketi miguuni pa Yesu, ana akili zake, na amevaa nguo. Swali langu: nguo zilitoka wapi? Luka hasemi. Kutoa pepo ilikuwa kazi ya Bwana. Lakini mimi naona mtu fulani pale alivua vazi lake akampa.

Wenye mji, badala ya kushangilia, walimwomba Yesu aondoke. Marko anasema nguruwe walikuwa kama 2,000. Hasara waliiona vizuri, ila ndugu yao aliyepona hawakumwona. Sisi tunaoishi mahali ambapo kila gramu inapimwa, tujihadhari na macho ya namna hiyo.

Kisha Yesu akamwambia arudi nyumbani kwake. Kwa asiye na nyumba, neno hilo ni gumu. Arudi wapi? Nilisoma falsafa, na Aristotle alifundisha kwamba binadamu kwa asili yake ni wa kuishi na wenzake. Maaskofu wa AMECEA walilifanya jambo hilo kuwa kazi yetu walipoamua mwaka 1976 kwamba kujenga Jumuiya Ndogo Ndogo ni kipaumbele. Jumuiya ni mahali pa kurudi. Si mahali pa kukusanyia michango na kusainiwa fomu za ndoa tu.

Mwana VIWAWA, mwana TYCS, wiki hii mtafute mmoja anayesimama mlangoni. Mwulize jina lake lote, halafu mwambie mnasali wapi na saa ngapi. Mpitie mwende pamoja.

Na wewe unayesoma hapa huku hujui utalala wapi leo: usisubiri kwanza uwe safi. Yule mtu alimkimbilia Yesu akiwa uchi. Njoo hivyo ulivyo.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyekosa pa kulaza kichwa, utupe macho ya kumwona ndugu kabla ya hasara. Nyumba zetu ziwe mahali pa kurudi. Amina.