Kabla Hujapanda Basi la Tabora

Mjukuu wangu, jana uliisoma ile barua ukiwa umesimama, kama mtu anayesomewa hukumu. Kampuni yenu ya asali, ninyi vijana wanne, haijauza hata ndoo moja, na tayari inadaiwa adhabu inayozidi thamani ya mizinga yote mliyotundika porini. Kosa lenu ni moja. Mliandikisha kampuni, mkapewa namba ya mlipakodi, mkadhani asiyepata faida hana la kutangaza. Hamkupeleka ritani. Mwezi ukapita, ukaja mwingine, mpaka karatasi ikawafuata hapa Ipole. Halafu ukaikunja barua na kuniuliza, "Babu, mbunge akikosea kama sisi, naye huandikiwa hivi?"

Sikukujibu. Si kwamba sikusikia. Nilikuwa natafuta jibu ambalo halitakudanganya, na jibu la aina hiyo halipatikani usiku mtu akiwa na usingizi. Sasa kumekucha. Vuta kigoda.

Tuanze na maandishi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 haimtaji mbunge, wala haimtaji mrina asali. Anayechelewesha ritani hutozwa kwa kila mwezi asilimia 2.5 ya kodi ambayo haijalipwa, au kiwango cha chini kilichowekwa, kipi kikubwa. Sheria ilipotungwa, kiwango hicho kilikuwa pointi 5 za sarafu kwa mtu mmoja na 15 kwa kampuni, na kila pointi ilikuwa shilingi 15,000. Piga hesabu: 75,000 kwa mtu, 225,000 kwa kampuni, kila mwezi. Hakuna kifungu kinachosema mheshimiwa alipe nusu. Kwa hiyo mtu wa mjini akikuambia kwamba sheria imeandikwa kwa ajili ya wanyonge, mwambie hajaisoma.

Lakini tazama inavyotua. Kwa mwenye malori hamsini barabarani, kiasi kama hicho ni mafuta ya safari moja. Kwenu ni msimu mzima wa kurina. Utasema mwenye malori atabanwa na ile asilimia. Kweli, akichelewa. Ila yeye hachelewi, kwa sababu amemwajiri mtu ambaye kazi yake ni kutochelewa. Kukosea kwenyewe, mjukuu wangu, hakujagawanywa sawa. Hata mlango wa kulalamika una kizingiti. Sheria inakupa siku 30 za kupinga makadirio, lakini pingamizi halipokelewi mpaka umelipa ile sehemu usiyoibishia au theluthi moja ya kodi uliyokadiriwa, ile iliyo kubwa zaidi, isipokuwa Kamishna aridhike na sababu zako. Mwenye theluthi mfukoni anagombana na serikali akiwa amekaa kitini. Asiyekuwa nayo anauza baiskeli ili apate haki ya kusikilizwa.

Haya si mageni katika nchi hii yetu ya Unyamwezi. Unajua neno hongo? Leo ukilisema, watu wanageuka kutazama nani anasikiliza. Zamani lilikuwa ushuru halali: msafara ukipita katika nchi ya mtemi, ulilipa nguo, shanga na waya, ukapewa njia. Sijui ni mkono gani uliolivuta neno hilo kutoka barazani kwa mtemi hadi chini ya meza, lakini lugha imetunza kumbukumbu ambayo vitabu vya shule viliiruka.

Mtemi Mnywa Sele alipomrithi Fundikira huko Unyanyembe, alitaka wafanyabiashara Waarabu wa Tabora nao walipie bidhaa zao ushuru. Walikuwa wamezoea kupita bure. Basi walimuunga mkono Mkasiwa, wakamweka katika kiti chake, na Mnywa Sele akakimbilia porini mnamo 1860. Alipigana miaka mitano, akauawa 1865. Kosa lake lilikuwa kuwadai ushuru wale ambao hawakuzoea kudaiwa. Mtemi mzima, mwenye ngoma na askari, alishindwa kumtoza mkubwa. Usimcheke sana karani wa leo anayesitasita.

Na yuko mzungu yule Stanley. Septemba 1871 aliondoka Kwihara akazunguka huku kusini, Ugunda na Ukonongo, kukwepa vita vya mtemi Mirambo. Alipoingia Uha, kila mtemi alimdai doti za nguo. Alilipa, akalipa tena, akaona akiendelea hivyo atafika Ujiji mikono mitupu. Basi akatafuta mtu wa kumwonyesha njia, msafara ukatoka usiku, ukaiacha njia kuu, ukapita porini kimyakimya ili watemi waliobaki wasijue. Kwa lugha ya barua yako ile, huko ni kukwepa ushuru kwa makusudi, si kusahau. Novemba ya mwaka huohuo akamkuta Livingstone aliyekuwa akimtafuta, akaandika kitabu akieleza mwenyewe namna alivyokwepa, na dunia ikampigia makofi.

Sasa mfikirie mpagazi. Ile nguo ya hongo ilisafiri juu ya bega lake. Mpagazi akitoroka, naye akikamatwa, alichapwa na kutiwa mnyororo, na Stanley ameyaandika hayo pia bila haya. Watu wawili wa msafara mmoja, wote wamekwepa walichodaiwa. Mmoja jina lake likawa ujanja wa safari, wa pili likawa wizi. Swali lako la jana, ukilichimba, linaanzia pale. Kabla ya kuuliza nani alilipa faini kubwa, uliza kosa la nani liliitwa nini.

Najua utasema hayo ni ya kale. Njoo karibu basi.

Mwaka 2018 makontena 20 ya samani yalikuwa bandarini Dar es Salaam kwa jina la Paul Makonda, wakati huo mkuu wa mkoa. Yeye alisema ni misaada kwa ajili ya ofisi za walimu. Mamlaka ya Mapato ikasema kodi haijalipwa, zaidi ya shilingi bilioni moja, na mali ikatangazwa mnada. Maneno yakawa mengi redioni. Waziri wa Fedha, Philip Mpango, akashikilia kwamba kodi ilipwe. Mwishoni mwa Agosti Rais Magufuli, akiwa kwao Chato, akasema hadharani kwamba mkuu wa mkoa alipe kama watu wengine wanavyolipa.

Siku ile pale njia panda, pale barabara ya Mpanda inapoachana na ya Rungwa, watu walishangilia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Furaha hiyo ilinipungua usiku. Nilijiuliza: deni la kodi ni kazi ya karani. Kwa nini hili lilihitaji waziri, kisha rais? Aliyelipa hongo ya zamani hakungoja mtemi atoke nje ya boma amtazame usoni. Sisemi Makonda alipendelewa. La, mzani ulikaa sawa. Nasema tu ulikaa sawa kwa sababu rais mwenyewe aliushika kwa mkono. Kwenu nani amesimama jukwaani? Hakuna. Kompyuta imehesabu miezi, mashine imetoa karatasi, basi limeileta. Kwa mdogo karani anatosha. Kwa mkubwa anatafutwa rais, na rais hawezi kusimama Chato kila wiki.

Tena mkubwa ana kiti mahali sheria inapotungwa. Juni 2016 Waziri Mpango alipendekeza kufuta msamaha wa kodi katika kiinua mgongo cha wabunge, na bunge zima Dodoma lilichemka kwa jambo hilo kuliko lilivyowahi kuchemka kwa bei ya tumbaku yetu. Wewe adhabu yako ingejadiliwa na wanaodaiwa wenyewe, ungeipigia kura gani? Wenzetu wa Kenya walijaribu kuliziba tundu hilo katika Katiba yao ya 2010: Ibara ya 210 inakataza sheria yoyote kumwondoa mtumishi wa dola kwenye kodi kwa sababu ya cheo chake. Mwaka uliofuata mamlaka yao ilipodai kodi ya posho, wabunge wengi walikuja juu. Maandishi yalikuwepo, koo zikakataa kuyameza. Kwetu, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 imeusamehe mshahara wa rais waziwazi. Silalamiki kwa hilo. Msamaha ulioandikwa unaonekana na unaweza kuulizwa. Wa kunong'onezwa ndio unaonitisha.

Usidhani ni Afrika tu. Marekani, Timothy Geithner hakulipa sehemu ya kodi zake za miaka ya 2001 hadi 2004, alipofanya kazi Shirika la Fedha la Kimataifa. Alikaguliwa kwa miaka miwili ya mwisho, akalipa kodi na riba, akasamehewa adhabu. Ile miwili ya mwanzo aliilipa tu alipokuwa anapendekezwa kuwa waziri. Alisema ni kosa la kutokujua, na Januari 2009 akathibitishwa kuwa Waziri wa Fedha, msimamizi wa wakusanya kodi wenyewe! Uingereza nako, Septemba 2025, Angela Rayner alijiuzulu unaibu waziri mkuu kwa kulipa pungufu ushuru wa nyumba, kiasi cha pauni 40,000. Kwa hiyo wapo wakubwa wanaoumia, na pengine kuliko wewe: wewe hukupoteza kazi mbele ya dunia. Lakini angalia wanalipa kwa sarafu gani. Mkubwa huadhibiwa kwa aibu. Aibu huchuja, na baada ya uchaguzi mmoja au miwili mtu anarudi amevaa suti mpya. Shilingi zako hazirudi.

Nikuambie na langu. Enzi za kodi ya maendeleo, kabla haijafutwa mwaka 2003, mgambo walipoonekana barabarani sisi wanaume tulikumbuka ghafla kwamba tuna mizinga ya kutazama. Tulilala kambini siku tatu, nne, nyuki wakitucheka. Nilikuwa ninazo fedha mwaka mmoja, na sikulipa. Sababu yangu niliiona ya haki: kulikuwa na kiongozi mmoja wa eneo, sitamtaja, marehemu hasemwi, aliyekuwa akituhimiza tulipe naye tukijua hajalipa. Nikajiambia, yeye akilipa nami nitalipa. Basi mgambo wakanikuta. Nilipojitetea kwa kumtaja yule kiongozi, kijana wa mgambo alinitazama kwa huruma kabisa, akasema, "Mzee, jina lake halipo kwenye karatasi yangu. Lipo lako." Mbuzi wangu wawili waliondoka siku ile. Kiongozi aliendelea kuhutubia.

Kwa hiyo hasira yako naielewa, wala sikuambii uiache. Nakuambia usiifanye risiti. Hao wenzako watatu jana usiku walikuwa wanasema waitupe barua, wafungue kampuni nyingine kwa jina la mke wa mmoja wao. Huko ndiko kulala kambini.

Fanya hivi. Peleka ritani zote zilizochelewa, hata kama kila mstari una sifuri, maana kila mwezi unaoendelea kukasirika unalipiwa. Chukua daftari lile la mizinga, taarifa ya benki inayoonyesha hamkuuza kitu, na cheti cha kampuni. Andika barua ya kueleza, kwa heshima na bila machozi, kwamba hamkufanya biashara, na uombe mfikiriwe adhabu. Sheria inaruhusu kupunguziwa kwa sababu ya msingi, na mwaka 2018 serikali ilisamehe riba na adhabu za wengi waliolipa kodi ya msingi. Wengi wao hawakuwa warina asali, nakuhakikishia, ila walijua kuomba. Wakikukatalia, iko taasisi ya usuluhishi wa malalamiko ya kodi, ipo Bodi ya Rufani. Hesabu siku zako 30 kuanzia siku uliyopokea barua, usihesabu kuanzia siku uliyoacha kuogopa. Kila karatasi unayotoa, baki na nakala yenye muhuri.

Na uchaguzi ukija, mgombea akisimama pale njia panda, muulize wewe mwenyewe, mbele ya watu, ritani yake ya mwisho aliiwasilisha lini. Uliza kwa adabu. Nitakuwa nimekaa mstari wa mbele nisikie anavyokohoa.

Haya, basi la asubuhi halingoji. Chukua bahasha, bibi yako amekufungia viazi. Lile dumu la asali nililoliona umelifunga kamba pale mlangoni, la kumpelekea ofisa, lirudishe ndani.