Damu ya Kambale Imewashitaki

Ole wenu mnaongojea masika ili mtapishe vyoo gizani, mvua iwabebee uchafu hadi Mto Msimbazi! Ole wako fundi unayemwaga oili chafu mtaroni, kisha ukanawa mikono kwa sabuni ukajiona umetakata! Na wewe mwenye kiwanda, unayefungulia maji usiku kwa sababu mchana rangi yake ingeonekana, usijifiche nyuma ya hao wawili. Wao wanamwaga kwa ndoo, wewe unamwaga kwa bomba.

Mnajipa moyo kwamba mto hausemi. Basi mvueni kambale mmoja, mchomeni sindano karibu na mkia, tone la damu mlipake kwenye kioo kama wanavyofanya zahanati wakitafuta malaria, mtie rangi ileile ya Giemsa, mtazame kwa darubini. Seli nyekundu za damu yetu zikishakomaa hazina kiini. Za samaki zinacho, na hapo ndipo Mungu alipohifadhi ushahidi dhidi yenu. Samaki aliyekulia maji safi, karibu kila seli yake ina kiini kimoja tu, chenye umbo la yai, kimetulia katikati. Lakini aliyeishi katika sumu inayokata kromosomu, seli zake zinapogawanyika kuna vipande vinavyoachwa nyuma, navyo hujikunja pembeni vikawa vijiini vidogo, kila kimoja hakifiki hata theluthi ya kiini chenyewe. Viini vingine huota nundu, vingine humeguka ubavuni. Mpimaji huhesabu seli elfu moja na zaidi kwa kila samaki, kisha hulinganisha wa juu ya mto na wa chini.

Msiniambie kijiini hakitaji jina la kemikali. Kweli hakitaji. Kinasema kuna kilichovunjwa ndani ya kiumbe hai, nanyi mnataka kwanza kiwaletee risiti?

Sokoni mnajua sana kuchagua. Mnafunua shavu la samaki, mnakagua wekundu wa matamvua, mnabonyeza tumbo kwa kidole gumba, mnasema huyu mbichi. Wekundu huo unawaambia amekufa lini. Alikoishi hamuulizi. Mpaka samaki waelee, kama Mto Mara Machi 2022, ndipo mnakimbilia ukingoni na simu zenu kupiga picha, na wakubwa wanaunda kamati. Samaki aliyeelea hata kipofu humjua kwa harufu! Mimi namsemea yule anayeogelea bado, macho maangavu, magamba yanang'aa au ngozi inateleza vizuri tu, naye damu yake imeharibika na kesho yuko chunguni kwenu.

Na ninyi mliosomea maji mkapewa dhamana ya kuyalinda, mtasingizia nini? Giemsa ipo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kipimo hiki cha vijiini kinafanywa kwa samaki tangu miaka ya 1980. Darubini mnazo, sindano ni za bei ya chai. Mto Msimbazi wenyewe unaanzia milima ya Pugu na kuishia baharini karibu na Daraja la Salender, hauko nchi ya mbali. Mnachoogopa nakijua: damu ya juu ikionekana afadhali na ya chini ikajaa vijiini, itabidi mshuke na ukingo hatua kwa hatua kulitafuta bomba, na mwenye bomba hilo mnakula naye sahani moja.