Mishumaa ya Sharpsburg



Sisi tunaoishi Maryland na Virginia tumezungukwa na kumbukumbu za vita ambavyo tulidhani havituhusu. Ukienda kazini unapita kibao cha chuma kinachoeleza kuwa jeshi fulani lilivuka mto hapa. Ukimpeleka mtoto mpirani, jirani na uwanja pana mzinga wa zamani umewekwa juu ya nyasi. Miaka inakwenda, wala vibao hivyo hatuvisomi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Wamarekani, vya 1861 hadi 1865, tumewaachia wenyewe. Mgeni mwenye adabu haulizi habari za ugomvi wa ndugu zake mwenyeji, hasa akiwa bado anangoja makaratasi yake.

Aprili iliyopita tulivunja desturi hiyo. Tulikodi mabasi mawili madogo, tukapakia watoto wa darasa letu la Kiswahili la Jumamosi, wazee wanne, chupa za chai na sambusa za kulisha kijiji, tukashika barabara ya 270 hadi Frederick, kisha tukavuka milima hadi Sharpsburg, penye uwanja wa vita wa Antietam.

Tulichokikuta ni mashamba. Sijui tulitarajia nini, pengine magofu. Tukakuta konde, ua za mbao, kijito na daraja la mawe, na nyumba ndogo nyeupe ya ibada ya Wadunker, watu ambao imani yao iliwakataza kupigana. Hapo, tarehe 17 Septemba 1862, toka alfajiri hadi jioni, watu kama 23,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Hutajwa kuwa ndiyo siku moja iliyomwaga damu nyingi kuliko zote katika historia ya nchi hii.

Ipo njia moja iliyodidimia kwa kupitwa na magari ya kukokotwa ya wakulima miaka mingi, hata ikawa kama handaki. Askari wa Kusini walijipanga humo. Kwa muda wa saa tatu hivi, watu wapatao 5,500 wa pande zote mbili waliuawa au kujeruhiwa humo na kandokando yake. Alexander Gardner alifika na kamera siku chache baadaye, na picha zake za maiti zikaonyeshwa New York mwezi wa Oktoba. Waliokuwa wakivisoma vita gazetini wakaviona kwa macho. Leo njia ile imeota majani. Watoto wetu walishuka wakakimbizana humo, tukawaita kwa ukali, walipokuja hatukujua tuwaambie nini.

(Jambo moja lilituchekesha, na tunaomba radhi kwa kucheka mahali pale. Pana mnara wa kumkumbuka William McKinley, aliyekuja kuwa rais, kwa sababu siku ile akiwa sajenti aliwapelekea askari wenzake kahawa na chakula cha moto huku risasi zikilia. Mnara mrefu, kwa ajili ya kahawa! Mzee mmoja akasema huyo ndiye shujaa peke yake anayemwelewa.)

Makaburini ndipo mjadala ulipoanza. Pale wamezikwa askari 4,776 wa Kaskazini, na 1,836 kati yao hawajulikani majina. Mawe yao ni vijiwe vidogo vyenye namba. Wa Kusini hawamo. Mifupa yao ilikusanywa baadaye ikapelekwa Hagerstown, Frederick na Shepherdstown. Mwalimu wetu mstaafu, mtu wa Tanga, hilo lilimchoma.

"Maiti hana upande," alisema. "Wote walikuwa watoto wa mtu."

Bibi mmoja wa Unguja akamjibu bila kumtazama: "Maiti hana upande, Mwalimu. Lakini alipokuwa hai alikuwa nao. Alikuja hapa kupigana ili mtu kama mimi aendelee kuuzwa."

Mwalimu akasema wengi wao walikuwa vijana wa shamba, hawakumiliki mtumwa hata mmoja. Ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba serikali waliyoipigania iliandika haki ya kumiliki watumwa ndani ya katiba yake. Mabishano yakatufuata hadi ndani ya basi, na hayajatutoka hadi leo, ndiyo maana tunayaandika.

Sisi tunaona hivi. Kwetu pwani kuzika ni faradhi. Wakizika wachache, wengine wamesameheka. Maiti akiachwa, mji mzima una dhambi. Hatuulizi kwanza alikuwa mwema au mwovu. Hapo Mwalimu ana haki. Lakini katika mazishi yetu kuna jambo jingine, ambalo wengi wetu tumelisikia mara nyingi mpaka hatulisikii tena: jeneza likiwa mbele ya watu, mmoja wa jamaa husimama akasema, mwenye kumdai marehemu ajitokeze, deni lake tunalo sisi. Kifo hakifuti deni. Kumzika mtu na kulitangaza deni lake ni mambo mawili yanayofanyika saa ileile, mahali palepale, na hakuna anayeona kuwa moja ni tusi kwa jingine.

Kwa kipimo hicho, kaburi la askari wa Kusini halitukeri. Sanamu ni jambo jingine. Robert E. Lee alifariki mwaka 1870 akazikwa Lexington, Virginia. Sanamu yake kubwa ya Richmond, iliyosimamishwa mwaka 1890 na kuondolewa Septemba 2021, haikuwa na maiti chini yake. Nyingi za namna hiyo zilijengwa katika miongo iliyofuata, wakati majimbo ya Kusini yalipokuwa yakiwanyang'anya watu weusi kura. Yale hayakuwa mazishi. Yalikuwa ni kuwaambia watu kwamba hakuna deni.

Tena deni lenyewe lilikuwa pale pale Sharpsburg. Siku tano baada ya vita vile Rais Lincoln alitoa tamko lake la awali la kuwaacha huru watumwa, nalo likaanza kazi tarehe 1 Januari 1863. Lakini lilihusu majimbo yaliyoasi tu. Maryland ilikuwa haijaasi, kwa hiyo mtumwa aliyesikia mizinga ya Antietam akiwa shambani kwa bwana wake, akawaona wanaume maelfu wakifa kwa ajili ya swali la yeye ni mtu au ni mali, aliendelea kuwa mali hadi tarehe 1 Novemba 1864, katiba mpya ya jimbo ilipomwacha huru. Mwaka 1866 watu hao walijijengea kanisa dogo la mbao mjini hapo, Tolson's Chapel, na miaka miwili baadaye likawa pia shule ya watoto wao. Sisi tulipita karibu nalo kwa basi asubuhi bila kujua ni nini.

Hadi hapo tulikuwa tunawahukumu wenyeji, na kazi hiyo ni tamu. Aliyetugeuzia kibao ni bibi yuleyule. Tulipokuwa tunarudi, aliuliza kama tunajua kwa nini bibi yake alikuwa akiita kitambaa cheupe marekani.

Tunajua, ila hatukuwa tumeliunganisha. Sultani Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na merikebu za Salem, Massachusetts, zikawa zinaleta Unguja vitambaa vya pamba na kurudi na pembe za ndovu na gundi ya sandarusi. Vitambaa vilifumwa Kaskazini. Pamba ililimwa Kusini, na watumwa. Marekani hayo yakabebwa na misafara kwenda bara, yakanunua pembe, na yakanunua watu. Vita vilipozuka pamba ikakatika, na vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi vikachukua nafasi. Basi alichovuna mtumwa wa Georgia kiliweza kumnunua mtumwa wa Manyema, na kati yao hakuna aliyejua habari za mwenzake.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria pale hadi 1897. Kati yetu tunaosoma jarida hili wapo ambao mababu zao walinunua, wapo ambao mababu zao waliuzwa, na wapo walio uzao wa wote wawili, na ndani ya familia zao jambo hilo hutajwa kwa kunong'ona, mara nyingi wakati wa posa. Tunawasomea dua mababu zetu wote, na ni sawa. Lakini nani kati yetu amewahi kusimama akasema, mwenye kumdai ajitokeze? Tuliuliza swali hilo ndani ya basi. Mwalimu alitazama dirishani hadi tulipofika Frederick.

Desemba tulirudi. Mwanzoni mwa mwezi huo uwanja ule huwashwa mishumaa 23,110 ndani ya mifuko ya karatasi, mmoja kwa kila aliyeuawa, aliyejeruhiwa na aliyepotea siku ile, wa pande zote. Magari hupita polepole kwa taa ndogo na hayaruhusiwi kusimama. Bibi tulidhani hatakuja. Alikuja, na blanketi lake. Mtoto mmoja akauliza ni mishumaa ipi ya Kusini. Hakuna aliyeweza kumwonyesha. Bibi akasema, "Soma zote, mwanangu," akasoma Fatiha. Dada mmoja wa Arusha, ambaye ni Mlutheri, akainamisha kichwa.

Kisha, kabla hatujatoka kwenye uwanja, akatuambia safari ya Aprili ijayo itaanzia kwenye lile kanisa la mbao, ndipo twende makaburini, na tukirejea tupitie U Street, Washington, kwenye mnara wa mwaka 1998 wenye majina zaidi ya 209,000 ya waliotumikia vikosi vya watu weusi, ili watoto wayasome. Mabasi yataondoka saa mbili asubuhi. Mwalimu amejitolea kuleta kahawa.