Haki ya Fundi wa Baiskeli

Tangu reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, watu wa mwambao wa Ziwa Viktoria wamezoea kutumia vitu vilivyotengenezwa mbali. Baiskeli ni kimojawapo: imetoka Uingereza, India au China, na hapa imekuwa mguu wa mkulima, wa mchuuzi wa samaki na wa mwanafunzi. Kilicho kipya siku hizi ni njia ya kupata spea. Mtu hukaa nyumbani kwake Igoma au Buhongwa, hutazama picha katika simu, hulipa kwa simu hiyo hiyo, na baada ya siku kadhaa hupokea kifurushi. Kisha humwendea fundi chini ya mwembe na kumwambia: "Nifungie hii."

Je, mtu huyo amemtendea fundi haki? Na fundi akikataa, au akidai fedha kuliko kawaida, amekosa?

Yatupasa kukiri kwanza kwamba kununua penye nafuu si dhambi. Fedha ya baba mwenye watoto wengi ni jasho lake, wala hakuna fundi awezaye kumiliki wateja kama mtu amilikivyo mbuzi wake. Tena wako mafundi waliowafukuza wateja wao wenyewe kwa kuwauzia mpira mbovu kwa bei ya mpira mzima.

Lakini tutazame jinsi fundi apatavyo riziki. Ujira wa kufunga mnyororo au kubadili njiti ni mdogo sana, na waweza kuwa mdogo kwa sababu fundi hupata faida kidogo katika spea anayoiuza. Faida hiyo ndiyo inayolipia spana zinazochakaa, pampu anayoazima wapita njia, na nusu saa ya kutafuta kasoro kabla ya kutaja bei. Basi mteja aletaye spea yake na kutoa ujira ule ule wa zamani hudhani amelipa kamili, kumbe amelipa nusu. Nusu ya pili amepewa muuzaji wa mbali, ambaye hakushika spana. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki, ikiwa mfanyakazi ameyakubali kwa kusukumwa na shida. Aliwasema waajiri na wafanyakazi wao; lakini fundi ambaye hajapata mteja tangu asubuhi naye hukubali lolote.

Liko na jambo la lawama. Matairi yaitwayo ya "inchi 28" hayalingani yote: moja hukaa juu ya ringi ya milimita 635, kama zilivyo baiskeli kubwa za mtindo wa zamani, na jingine juu ya ringi ya milimita 622. Picha ya simu haionyeshi tofauti hiyo ya milimita 13. Tairi linaletwa, linalazimishwa, mpira wa ndani unapasuka, na ugomvi unaanza. Nani alipe? Twaona haki ni hii: aliyechagua spea abebe hasara ya spea, na aliyefunga abebe hasara ya kufunga. Fundi akiona tairi halikai, akanyamaza na kulilazimisha, kosa ni lake. Akionya, na mteja akashikilia neno lake, mteja asimdai senti.

Lililo zito zaidi ni uhai wa watu. Baiskeli hubeba mama na mtoto wake, na Mwanza ni mji wa vilima na mawe. Breki dhaifu huweza kumwua mtu ambaye hakuinunua wala hakuifunga. Kwa hiyo fundi akiiona breki mbovu, hana budi kukataa kuifunga, hata akipewa fedha maradufu. Wala mteja asidhani kwamba amekataliwa kwa wivu. Lakini fundi naye asiisingizie ubovu spea nzuri kwa kuwa tu hakuiuza yeye. Huo ni uongo, na anayeumizwa nao ni maskini.

Basi, ndugu wasomaji, njia iko wazi. Kabla ya kununua, mwendee fundi akupimie ringi, umpe chochote kwa ujuzi wake. Kabla nati haijalegezwa, patanani ujira. Na fundi ataje bei mbili bila haya: ya anayenunua kwake, na ya anayeleta spea yake. Bei ya pili ikizidi, huo si wizi, mradi imetajwa mapema na haipiti kiasi.

Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Jumia, duka kubwa la mtandaoni, lilifunga shughuli zake nchini mwezi Novemba 2019, na waliolizoea walibaki na mafundi wa mitaani mwao. Wazazi wanaomtuma mtoto kwa fundi na kifurushi mkononi wamfundishe kusalimu, kuuliza ujira, na kulipa kamili pasipo kunung'unika. Mtoto akijifunza kuithamini kazi ya fundi, hatakuwa mwajiri mdhalimu akiwa mkubwa.