Je, Kila Mwanafunzi Alazimishwe Aljebra?

Msomaji kijana, hapana shaka umewahi kuketi mbele ya herufi x ukajiuliza moyoni: "Mimi nataka kuwa mchoraji, jambo hili litanifaa nini?" Swali lako si utovu wa adabu. Mwaka 2025 wakuu wa elimu wa Kenya waliulizana lilo hilo. Kwanza ilitangazwa kwamba katika sekondari ya juu hisabati haitakuwa lazima kwa wote. Watu wakalalamika, na mwezi wa Aprili Wizara ikaamua kwamba wote wataisoma, ila kwa namna mbili: hisabati kamili kwa wafuatao sayansi, na nyepesi zaidi kwa wengine.

Je, uamuzi huo ni wa haki? Natupime pande zote mbili.

Wapingao husema vipawa havilingani, nao wasema kweli. Yuko msichana awezaye kutunga shairi zuri, lakini herufi hizo humtoa machozi. Kumfungia mlango wa maisha kwa sababu hiyo ni kumdhulumu.

Lakini twende Kasigau, mahali vito vichimbwapo. Tuseme mchimbaji ameletewa shilingi 42,000, akaambiwa kwamba theluthi ya bei ilikuwa ya mwenye shamba, kisha shilingi 6,000 zikakatwa kwa chakula. Jiwe liliuzwa kwa bei gani? Ajuaye aljebra huiita bei hiyo x, akarudi nyuma hatua kwa hatua: akizirudisha 6,000 apata 48,000, hizo ni theluthi mbili, basi bei ni 72,000. Siku akisikia mjini Voi kwamba jiwe liliuzwa 90,000, ana la kusema. Asiyejua hupokea na kushukuru, wala hatambui kwamba ameibiwa.

Jina lenyewe latufundisha. Al-jabr, neno lililomo katika jina la kitabu cha Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, maana yake ni kurudisha au kuunga kilichovunjika.

Kwa hiyo naona hivi: kufundishwa aljebra ni haki ya kila mtoto, lakini kuifaulu kusiwe ufunguo wa kila mlango. Nani, akiwa na miaka 15, ajuaye atakuwa nani akiwa na 40? Amwondoleaye mtoto somo kwa huruma na aangalie asimnyang'anye ngao yake. Nawe usiseme "siwezi" kabla hujajaribu. Na ukijaribu ukashindwa, mtu asikuite mjinga.