Raha Yako, Moshi wa Nani?

Kutoka Juja hadi Bahari ya Hindi ni kilomita mia tano hivi, lakini hapo JKUAT kuna vijana wanaosomea uhandisi wa meli. Kwa hivyo swali hili si geni sana huku kwetu: ukinunua boti ya kujivinjari, uitie injini ya petroli au ya dizeli? Fundi atakujibu chapchap. Ya petroli ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Ya dizeli ni nzito na ghali, ila inakunywa mafuta kidogo na inadumu zaidi. Piga hesabu, chagua, mambo kwisha.

Hayajakwisha. Hesabu hiyo ni ya mwenye boti peke yake.

Petroli hutoa mvuke hata penye baridi ya kugandisha maji, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Kwenye gari utashuka chini na kupeperuka. Boti ni kama bakuli. Mvuke hutulia chini ya sakafu, ukingoja cheche moja tu. Wakenya hatuhitaji kufunzwa ukali wa petroli: kule Sachangwan, Januari 2009, moto wa lori la mafuta lililopinduka uliua watu zaidi ya 100. Dizeli haina hasira hizo. Mpaka ipate joto la nyuzi 50 na zaidi ndipo mvuke wake unashika moto. Lakini ina masizi, na mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wake miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Basi petroli humtishia zaidi aliye ndani, tena ghafla. Dizeli humdhuru hata aliye nje, polepole. Nani atangulie kuhurumiwa?

Mimi nasema aliye nje. Abiria amepanda kwa hiari. Mama anayefua ukingoni hakuulizwa na mtu. Hata kaboni monoksaidi ya petroli humfikia kwanza aliyepanda.

Lakini ngoja. Huyo abiria aliambiwa? Kukubali jambo usilolijua si kukubali, na mtoto aliyevalishwa jaketi la kuokolea hana habari ya mvuke. Kwa hivyo anayechagua petroli amejitwika deni: anunue injini ya mipigo minne isiyotema mafuta majini, awashe feni ya kutoa mvuke kabla ya kuwasha injini, na awaeleze watu wake ukweli. Deni hilo linalipika kwa dakika tano. Masizi hayalipiki hivyo. Ukiyafukuza, umemsukumia jirani.

Utaniambia, mbona matatu za Thika Road zinafuka dizeli kila asubuhi? Kweli, na hilo nalo lina kesi yake. Ila matatu inapeleka watu kazini, na mvuvi wa Homa Bay anatafuta unga. Haja ina udhuru. Starehe haina. Tunasema raha jipe mwenyewe. Sawa, basi na gharama yake ibebe mwenyewe.

Na kwa maji madogo, kama ya Fourteen Falls hapo Thika, kabla hujamwita fundi jiulize: kwani kasia lina ubaya gani?