Haki ya Mtumishi Katika Nyumba ya Wageni

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, na kumtakia rehema na amani Mtume wake Muhammad na jamaa zake na masahaba wake, maneno haya ni juu ya ujira wa watu watumikao katika nyumba za kulala wageni.

Mji wa Kagongwa uko Kahama, mkoa wa Shinyanga, juu ya barabara kuu itokayo Isaka. Nchi hiyo si ngeni kwa watu wa pwani: misafara ya wazee wao ilipita Unyamwezi, na mizigo ikachukuliwa mabegani mwa wapagazi. Mwaka 1928 reli ya Tabora ikafika Mwanza. Kisha yakafunguliwa machimbo makubwa ya dhahabu, Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Leo madereva wa malori ya Rwanda na Burundi hupita hapo, na wachuuzi hufuata mpunga na mchele. Msafiri hataki ila chakula, maji na kitanda safi. Na mwenye kumwandalia hayo ni mtumishi.

Basi fahamuni, enyi Waislamu. Mfanyi biashara ya mchele ajua kuwa kupunja mizani ni haramu, kwani Qurani ina sura iitwayo Almutaffifin, yenye kuwaonya wapunjao vipimo. Lakini mtu aweza kusimamisha mizani sawasawa sokoni, kisha akenda nyumbani kwake akapunja saa za mtumishi. Ujira nao ni mizani: upande mmoja kazi, upande wa pili malipo.

Na upunjaji huo una njia nyingi. Yuko acheleweshaye mshahara, akamwambia mtumishi atosheke na bakshishi za wageni. Yuko ambaye mgeni akitoroka bila kulipa, hasara huikata katika mshahara wa mlinda mlango. Yuko amwamshaye kijana usiku wa manane kufungua lango, na kabla ya alfajiri amtaka awe amekwisha chemsha chai. Na mbaya kuliko wote ni yule ambaye binti afuaye mashuka akimshitakia uchafu wa mgeni, humwambia avumilie, kwani mteja ni mfalme.

Atasema mwenye nyumba: kumkirimu mgeni ni katika imani. Ni kweli, lakini mtu hukirimu kwa mali yake mwenyewe, si kwa usingizi wa mwingine wala kwa heshima ya binti wa watu. Atasema tena: wako wengi mlangoni watakao kazi hii kwa ujira mdogo kuliko huu. Huyo na akumbuke kuwa Mtume ameamrisha mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka, na amehadharisha kuwa Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mdai, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyetimiziwa kazi asilipe ujira.

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, watu watatu waliingia pangoni, jabali likaziba mlango. Kila mmoja akaomba kwa amali yake njema. Mmoja wao alikuwa ameajiri watu, na mtu mmoja akaondoka asichukue ujira wake. Yeye akaufanyia kazi ujira ule hata ukazaa mali nyingi, ngamia na ng'ombe na kondoo. Yule mtu aliporudi baada ya muda kudai haki yake, akapewa vyote, hata akadhani anafanyiwa mzaha. Kwa amali hiyo, pamoja na za wenziwe, jabali likaondoka wakatoka. Ujira wa mtu mmoja ukawa sababu ya kuokoka. Na ukizuiwa wawezaje kuwa jambo dogo?

Yampasa mwenye nyumba ataje ujira kabla ya kazi, auandike, na aulipe siku yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa juma, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na likizo ya siku 84 kwa mama aliyejifungua. Na Muislamu ampe mtumishi Muislamu nafasi ya sala, na asiye Muislamu asipunjwe kwa sababu ya dini yake, kwani uadilifu umeamrishwa kwa watu wote. Mtume alipomtuma Muadh kwenda Yemen alimwonya aiogope dua ya aliyedhulumiwa, ambayo haizuiliwi na kitu kufika kwa Mola.

Mwenyezi Mungu azitakase chumo za Waislamu, awaepushe na kula jasho la watu, na awajaalie kulipa haki hapa duniani kabla ya kudaiwa huko akhera. Amin.